Tupeane uzoefu: mlioomba ukaazi wa kudumu Kanada kama wenye ujuzi, wapi paliwabana zaidi?

Mchomeleaji: Wakuu, salama? Jana nahamisha kabati nimekuta bahasha ya kaki, ndani mna picha ya eksirei ya kifua changu. Nimekaa sakafuni nikaitazama dirishani. Acha niandike, na nyie mlete yenu.

2019 nilipata mwaliko wa kuomba ukaazi kupitia Express Entry, ule mfumo wa Kanada wa kuchagua wenye ujuzi kwa alama. Una siku 60 za kutuma kila kitu. Nikaanza na vipimo vya afya maana nilijua hapo hapana shida. Daktari akaitundika picha kwenye taa, akanyamaza, akaweka kidole juu upande wa kulia. "Hapa pana kovu. Uliwahi kuugua kifua kikuu?" Ndipo ikanirudia: darasa la tano, Mwanza, miezi sita ya vidonge, mama ananisimamia kila alfajiri kabla ya chai. Nilishasahau kabisa.

Nikaambiwa nitoe makohozi asubuhi tatu mfululizo, kisha yaoteshwe maabara wiki nane. Pigeni hesabu, wiki nane ni siku 56. Unapewa kikopo kidogo chenye kifuniko, unakohoa tumbo tupu, nesi anakusubiri nje ya mlango. Asubuhi ya pili hakikutoka kitu. Nilikohoa mpaka machozi, nikaona safari imeishia kooni. Wiki zote hizo mke wangu hakuniuliza hata mara moja, alikuwa ananiletea uji usiku anakaa pembeni.

Siku ya 50 jamaa mmoja ananiambia: ile karatasi ya kuthibitisha kwamba umepimwa ndiyo unayoambatanisha, majibu daktari anayatuma mwenyewe. Karatasi nilikuwa nayo kwenye begi tangu siku ya kwanza! Nikatuma maombi. Majibu yakaja safi baadaye.

Mama Nuru: Hiyo karatasi waambieni watu, jamani. Na mimi nililia hivyohivyo.

Nesi wa Kisumu: Mimi nilibanwa na barua ya kazi. Inatakiwa ionyeshe majukumu yako, saa za kazi kwa wiki na mshahara, na majukumu yafanane na kazi uliyoitaja kwenye maombi. Hospitali niliyoitumikia miaka sita ikanipa mstari mmoja: "Alifanya kazi hapa." Nikakaa kwenye benchi la ofisi ya utumishi siku tatu na rasimu yangu mkononi. Siku ya nne karani akaona aibu, akapeleka kwa bosi, ikasainiwa. Cheti cha polisi nilikuwa nishakipata mapema, nililipia eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, nikaenda kuwekwa alama za vidole, basi.

Binti Pangani: Wewe una nchi moja tu. Niliishi Muscat miaka minne nikilea watoto wa watu. Ukikaa nchi yoyote miezi sita mfululizo au zaidi ndani ya miaka kumi ya nyuma, wanataka cheti cha polisi cha huko pia. Kukipata cha Oman wakati uko Tanga ni kazi ya kutafuta mtu, na mtu mwenyewe awe mwaminifu. Anzeni hiki kabla ya vyote.

Mama Nuru: Mimi Kiingereza. Mtihani wa IELTS, sehemu ya kuandika, nilipata 6.5 mara mbili, nahitaji 7. Huku umri unakimbia, maana ukifika 30 kila siku ya kuzaliwa inakula alama zako. Mara ya tatu niliandika insha moja kila usiku, miezi miwili, juu ya meza ya cherehani. Nikapata 7.5.

Mutoto wa Bukavu: Mama Nuru, ungekuja kwetu tukufundishe Kifaransa. Februari 2024 waliita wenye Kifaransa kwa alama 336, na wa kundi la jumla walikuwa wanaitwa kwa zaidi ya 520. Wanaume mnaolalia kochi, amkeni mufanye ule mtihani wa TEF, wake zenu wawashukuru.

Mzee wa Bajeti: Yote hayo madogo. Kikwazo ni pesa ya kuonyesha benki, kwamba utajikimu ukifika. Nawapa njia: kopa kwa ndugu, weka kwenye akaunti, chukua barua, rudisha. Kila mtu anafanya.

Nesi wa Kisumu: Si kila mtu. Barua ya benki inaonyesha wastani wa miezi sita, akaunti ilifunguliwa lini, na madeni. Milioni zilizoingia jana zinaonekana. Ukikamatwa unadanganya ni miaka mitano hukanyagi.

Mzee wa Bajeti: Dada, wewe ni ofisi ya uhamiaji? Wakala wangu alisema sawa.

Binti Pangani: Wakala gani? Wanaoruhusiwa kulipwa kwa ushauri huo wamesajiliwa, na orodha yao iko wazi mtandaoni. Tafuta jina lake leo. Usipomwona, mdai pesa yako.

Mhasibu: Huwa nasoma tu, leo acha niseme. Mzee wa Bajeti, mimi niliidanganya ile fomu.

2016 nilikuwa na mke na mtoto mmoja. Nilikuwa pia na binti Morogoro, miaka minne, mke wangu hajui. Fomu inauliza watoto wote, wa kusafiri na wa kubaki, hata anayelelewa na mama yake. Nikaandika mmoja. Nikajiambia huyu nitamwita nikishatulia.

2017 tukatua. 2021 mama yake akafariki. Nilimwambia mke wangu usiku uleule, na kwa heshima yake niseme hapa: ndiye aliyesema tumlete. Tukaomba. Jibu: mtoto ambaye hakutajwa wala kupimwa afya baba yake alipokuwa anaomba ukaazi, baba hawezi kumdhamini. Binti mwenye pua yangu hii!

Yuko kwa bibi yake. Jumapili ananipigia kwa simu ya mjomba. Zamani aliuliza, "Baba, nguo gani nibebe?" Siku hizi haulizi. Ananisomea alama zake za shule, Hisabati, Kiswahili, Jiografia, kisha anasema salimia.

Mama Nuru: Pole sana, kaka. Nimeshindwa kuendelea kupika.

Mzee wa Bajeti: Ulimficha mtoto, sasa unatulilia huku? Mimi hela ya kukopa, wewe damu yako.

Mchomeleaji: Mzee, punguza. Mhasibu, lipo ombi la kuzingatia ubinadamu na maslahi ya mtoto. Kaonane na mwanasheria.

Mutoto wa Bukavu: Aanzie ofisi ya mbunge wa eneo lake, wanasaidia kufuatilia, bure.

Nesi wa Kisumu: Hapana, mwanasheria kwanza, na usiandike popote kabla yake. Wakichimba, hata ukaazi wako wanaweza kuugusa.

Mgeni Dodoma: Samahani kuwakatisha. Nina mwaliko, zimebaki siku 41. Nina mtoto wa nje, mama yake hataki apimwe. Wakala anasema nisimtaje.

Mhasibu: Mtaje. Leo, kabla hujalala, jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa. Kisha hifadhi kila ujumbe wa mama yake anapokataa, uambatanishe na maelezo yako.