Boksi la sabufa ya inchi 12 kwenye IST: la kufungwa, la bomba, au lile la kioo?

KijanaWaTabata

Wakuu, habari za jioni. Nina sabufa ya inchi 12, koili mbili za omu 4 kila moja, wati 400 za RMS, yaani za kudumu. Imekuja na karatasi yake: Fs hezi 30 (mtikisiko wa asili wa koni), Qts 0.45 na Qes 0.50 (namna mtikisiko huo unavyozuiwa), Vas lita 60 (ulaini wa koni ukipimwa kama hewa). Amplifaya ninayo, ya chaneli moja, inatoa wati 400 kwenye omu 2. Gari ni Toyota IST.

Kariakoo nimeonyeshwa maboksi matatu yaliyokwisha kutengenezwa: la kufungwa kila upande, la bomba (lenye tundu refu la kupitishia hewa), na lile lenye kioo ambalo spika imefichwa ndani na taa za bluu. Muuzaji anasema la kioo ndilo linapiga kuliko yote. Mimi nasikiliza singeli, Bongo Fleva na amapiano, na Jumapili mzee wangu akipanda ni rumba mpaka Kibaha. Buti nalihitaji pia, mke wangu anauza vitenge. Nichukue lipi?

FundiGerezani

Mkuu, afadhali wewe umekuja na karatasi. Wengi wanatuletea picha ya spika wanauliza "hii inapiga?"

Gawa Fs kwa Qes. Yako ni 30 kwa 0.50, jibu 60. Ikiwa chini ya 50, spika hiyo ni ya boksi la kufungwa. Ikikaribia 100, itafute bomba. Ya kwako iko katikati, inakubali kotekote, kwa hiyo kinachoamua ni buti na muziki.

La kioo liache hapohapo lilipo. Lina vyumba viwili, kimoja kimefungwa na kingine kina bomba, na sauti yote inatokea kwenye lile bomba. Linapiga sana kwenye kipande kifupi cha besi, nje ya hapo limekufa. Noti moja inakutoa machozi, inayofuata huisikii. Halafu vyumba vile vinatakiwa vipimwe kwa spika maalumu, na la dukani limepimwa kwa spika ipi? Hakuna anayejua. Ubaya mwingine, spika ikianza kukwaruza ndani mle husikii mapema, unakuja kujua koili imeshaungua.

Limebaki la kufungwa na la bomba. Hapo ndipo pa kubishana.

Nganya254

Niaje wakubwa, salamu kutoka Rongai. Mimi nafunga muziki kwa matatu, na huku ukileta boksi la kufungwa abiria wanashuka wanapanda ingine, si utani. Bomba ndiyo mambo. Kwa wati zilezile linakupa desibeli 3 ama zaidi pale karibu na hezi ulizolityunia, yaani hezi ambazo bomba lenyewe linavuma, na desibeli 3 ni sawa na kuongeza wati mara mbili. Yaani 400 yako inasikika kama 800, na hujaongeza hata shilingi kwa amplifaya.

Jenga lita 55, tyuni hezi 34, maliza hiyo maneno.

DadaVitz

Kaka, matatu ina abiria thelathini na mwili mkubwa, yeye anaongelea IST.

Mimi nina Vitz na boksi la kufungwa, inchi 10. Gari dogo lenyewe linakuongezea besi ya chini. Mawimbi yakishapita mara mbili ya urefu wa chumba cha gari, sauti haisafiri tena, inasukuma tu hewa ya chumba kizima kwa pamoja, na kadiri unavyoshuka ndivyo inavyozidi kupanda. Kwa gari lenye urefu wa ndani wa mita 2.6 hivi, jambo hilo linaanza kama hezi 65 kwenda chini. Boksi la kufungwa linaanza kushuka karibu na hapohapo, desibeli 12 kwa oktavu, yaani kila hezi zikipungua nusu. Moja linashuka, jingine linapanda, unapata besi iliyonyooka. Vioo na milango vinavujisha kidogo, hesabu haitatoka kamili, ila utaisikia.

La bomba hilohilo ndani ya IST linavimba kwenye hezi 35 mpaka 45. Amapiano itakufurahisha. Singeli itakuwa uji.

FundiGerezani

DadaVitz kamaliza. Niweke hesabu ili Tabata achague kwa macho yake.

La kufungwa: gawa Vas kwa lita za boksi, jumlisha 1, tafuta kipeuo cha pili chake. Jibu hilo zidisha kwa Qts upate Qtc, yaani Qts ya spika ikiwa ndani ya boksi, kisha jibu hilohilo zidisha kwa Fs upate hezi.

Lita 41 inakupa Qtc ya 0.707, ile iliyonyooka kabisa, na boksi linaanza kushuka hezi 47.
Lita 30 inakupa 0.78, hezi 52.
Lita 25 inakupa 0.83, hezi 55.

Kutoka 41 mpaka 30 sikio la kawaida ndani ya gari halitagundua kitu, lakini buti litagundua. Ningejenga 30. Ukiona limekaza sana, jaza pamba ya mito ndani, hata nusu ya boksi. Spika itaona kama boksi limekua kidogo.

La bomba sasa, kwa hizo lita 55 za ndugu yetu wa Rongai. Chukua 23,562, zidisha kwa kipenyo cha ndani cha bomba kikiwa kimezidishwa chenyewe kwa chenyewe, kwa sentimita. Gawa kwa hezi mara hezi mara lita. Mwisho toa kipenyo mara 0.73. Bomba la ndani sentimita 10:

hezi 30, urefu sentimita 40
hezi 34, urefu sentimita 30 kasoro kidogo
hezi 40, urefu sentimita 19 na nusu

Angalia hapo: ukikata bomba fupi kwa sentimita 10 tu, umetoka hezi 34 umefika 40. Ndiyo maana nikiona boksi la dukani lina kibomba cha plastiki cha sentimita 12, huwa sina haja ya kulisikiliza.

Nganya254

Hesabu safi. Lakini bomba moja la inchi 4 kwa wati 400 litapuliza ukiweka sauti juu, utasikia fuu fuu kwa kila besi. Weka mawili.

FundiGerezani

Yakiwa mawili, kila moja linataka sentimita 67 kwa hezi zilezile 34. Utayakunja wapi ndani ya lita 55? Na hapo bado hujatoa nafasi yanayokula yenyewe. Bomba likiwa pana, lazima liwe refu, hakuna njia ya mkato. Ndiyo maana wanaojenga kwa wati kubwa wanaacha bomba la plastiki wanatengeneza mfereji wa mbao unaokunja kona ndani ya boksi. Kwa 400, bomba moja lenye mdomo uliopanuliwa kote mbele na nyuma linatosha kwa mtu asiyeshindana.

SeremalaKeko

Nimewasoma kimya kimya. Mimi ndiye ninayeletewa hizo kazi, basi mniruhusu niseme la mbao.

Tatizo kubwa ni lita za nje na lita za ndani. Mteja anakuja na karatasi kaandika 55 kwa 40 kwa 36, anasema "hilo ni lita 79, linatosha." Ubao wa milimita 18 unakula sentimita 3.6 kila upande wa hesabu. Ndani panabaki 51.4 kwa 36.4 kwa 32.4, ambazo ni lita 60 na nusu. Sumaku na kikapu cha spika vinakula kama lita 3. Bomba la nje sentimita 11 kwa urefu wa 30 linakula karibu lita 3 tena. Umebaki na 55 kasoro. Kwa hiyo vipimo hivyo ndivyo hasa vya boksi la Rongai, ila bomba lazima lilale kwa upande mrefu wa 51. Ukiliingiza kwa upande wa 32, mdomo wa ndani utakaribia mno ukuta wa nyuma na hezi zitabadilika. Acha nafasi nyuma yake isiyopungua kipenyo cha bomba.

La kufungwa la lita 30: nje 40 kwa 36 kwa 32. Ndani lita 33 na nusu, toa 3 za spika. Hilo ni dogo, linakaa kona moja ya buti la IST na vitenge vinapita pembeni.

Viungo: gundi ya mbao kwanza, skrubu za kushikilia, halafu silikoni kwa ndani kote, hasa pale waya unapopita. La kufungwa likivuja halijafungwa hilo. Silikoni iache ikauke mpaka harufu ya siki iishe ndipo uweke spika, mvuke wake si rafiki wa gundi za koni.

Mpemba_Malindi

Assalaam alaikum. Ndugu yangu wa Keko, umesahau bahari. MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliobanwa, huku Unguja ikinywa unyevu inavimba pembeni kama mkate wa kumimina, na skrubu zinalegea. Ikiwa ni MDF, ipake vanishi ndani na nje kabla ya kapeti, na kingo zilizokatwa uzipake mara mbili. Mimi natumia marine plaiwudi ya 18. Nyepesi zaidi, ghali zaidi, lakini inakaa.

SeremalaKeko

Wa alaikum salaam. Kweli kabisa mzee wangu. Kwa Dar pia.

MzeeWaRumba

Vijana, niwaulize. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi lenye nyuzi nne unapiga hezi 41. Rumba yote ya zamani inaishia hapo. Hizo hezi 30 mnazozigombania za nini?

DadaVitz

Shikamoo mzee. Za amapiano hizo, na vinanda vya kompyuta vinavyoshuka chini ya gitaa. Kwa rumba yako la kufungwa ndilo lako, kila noti ya besi utaisikia inavyotembea.

MzeeWaRumba

Marahaba. Basi mwambieni kijana anunue hilo, baba yake atamshukuru.

KijanaWaTabata

Hahaha, wazee mmeshika usukani. Nimeelewa. Nadhani naenda Keko kujenga la kufungwa la lita 30. Sasa kufunga na kurekebisha je? Na kwa faida ya atakayechagua bomba, atajuaje limefika hezi 34 kweli?

FundiGerezani

La bomba linapimwa kwa macho. Pakua programu ya simu inayotoa toni, piga kwa sauti ya wastani, anza hezi 50 ushuke mojamoja huku ukitazama koni. Itakuwa inacheza, inacheza, halafu ukifika mahali fulani koni inakaribia kusimama na hewa inatoka kwa nguvu kwenye bomba. Hapo ndipo lilipotyuniwa. Likiwa 38 badala ya 34, bomba ni fupi. Kisha weka kichujio cha kukata besi ya chini kabisa kwenye amplifaya, hezi 28 mpaka 30. Chini ya pale bomba linapofanya kazi, spika haina hewa ya kuizuia tena, inaruka mpaka inajiumiza. La kufungwa halina shida hiyo, hewa ya ndani ndiyo breki yake.

Kwako wewe: unga koili mbili sambamba upate omu 2. Krosova, inayoiachia sabufa besi tu, anza na hezi 80. Besi ya ziada ya amplifaya iweke sifuri. Kwa geini, kile kitufe cha amplifaya cha kupandisha nguvu ya sauti inayoingia, chomoa spika kwanza, redio iwe robo tatu ya sauti, piga toni ya hezi 50, weka mita kwenye volti za AC pale kwenye matundu ya spika. Wati 400 mara omu 2 ni 800, kipeuo chake cha pili ni volti 28. Fungua geini polepole ifike hapo, usiguse tena. Wanaofungua mpaka mwisho ndio tunaowabadilishia koili.

Waya wa umeme milimita za mraba 16, na fyuzi ya ampea 40 karibu na betri, isizidi nusu mita kutoka kwenye betri.

DadaVitz

Ukimaliza, geuza waya wa chanya na hasi kwenye sabufa usikilize tena ukiwa umekaa kiti cha dereva. Upande mmoja besi itajaa mbele, mwingine itapungua. Chagua uliojaa. Boksi lenyewe elekeza spika nyuma, kwenye mlango wa buti, ndivyo inavyokaa vizuri kwenye hachibaki nyingi.

KijanaWaTabata

Mke akija na mzigo mkubwa wa vitenge natoaje boksi bila kuita fundi?

SeremalaKeko

Nitakuwekea mkono wa kushikia pembeni, na plagi ya spika ya kuchomoa. Ila likiwa ndani lifunge kwa mkanda kwenye ndoano za buti. Boksi na sumaku yake si kitu chepesi, ukikanyaga breki ghafla pale Ubungo litakuja mbele kabla yako. Njoo na spika yenyewe, usije na karatasi tu, tundu nalichora kwa kulipima mwenyewe.