Begi la vifaa limenimaliza bega, mkono unaingia ganzi, nifanyeje?

fundi_wa_zimma
Wadau sasa. Mimi ni fundi wa kuvuta waifai, kazi zangu nyingi ni Zimmerman, Roysambu na Githurai, zile ploti za ghorofa sita hazina lifti. Kwa begi naweka drili, nyundo, laptopu, ruta kadhaa na roli la waya, juzi nimepima kwa mizani ya mama wa viazi nikapata kilo 17 na mimi mwenyewe niko 62. Sasa jioni nikishuka matatu mkono wa kulia unakufa ganzi hadi vidole, hata kufunga kifungo cha shati ni kazi. Wikendi nisipobeba inapotea. Kuna mtu amepitia hii?

Mzee wa Rongai
Pole kijana lakini hiyo ni kazi, mwili utazoea. Shosho zetu walibeba kuni kutoka msituni na hawakulia. Chua na dawa jioni, ulale.

fizio_wa_eastlands
Mzee wangu kwa heshima, ganzi haizoeleki. Mishipa ya fahamu ya mkono inatoka shingoni, inapita chini ya mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, halafu kwapani, na pale ndipo mkanda wa begi unaposhindilia. Ukiwa unabeba upande mmoja ama mikanda ni myembamba, mshipa unabanwa kila siku mpaka unaanza kuchoka. Fundi, simama mbele ya ukuta uusukume kwa viganja viwili, mtu akuangalie mgongo. Kama bapa la bega la kulia linachomoka nje kuliko la kushoto, ama mkono umekosa nguvu na sio ganzi tu, usingoje, nenda hospitali wakuangalie. Wengi hupona wakiacha ule mzigo lakini inaweza kuchukua wiki hata miezi, kwa hivyo usiendelee kubeba ukisema utaona.

Halafu kilo 17 kwa mtu wa 62 ni zaidi ya robo yako! Kipimo kinachotajwa sana ni asilimia 10 hadi 15, hapo kwako ni kama 6 hadi 9.

Mama Jayden
Naingilia kidogo, huyu wangu wa Grade 5 anabeba begi kubwa kumliko, ni kweli uti wa mgongo utapinda?

fizio_wa_eastlands
@Mama Jayden kupinda kabisa hapana, hakuna ushahidi kwamba begi linaleta hiyo. Ila maumivu ya mgongo na mabega ndio, na mtoto anaanza kutembea ameinama na shingo imetangulia mbele. Mtoto wa kilo 35 akibeba zaidi ya 5 hivi, toa vitabu ambavyo havina somo siku hiyo.

kupanda_ngong
Fundi, tatizo lako naona ni begi la shule unatumia kwa kazi ya punda. Ingia Gikomba, soko la mitumba, utafute lile la kupanda mlima lenye mkanda mpana wa kiunoni. Ule mkanda sio wa urembo, unakaa juu ya mifupa ya nyonga na unafungwa KWANZA, halafu ndio unavuta ya mabega, uzito mwingi unashuka kwa nyonga na mabega yanabaki kushikilia tu. Drili na roli zikae karibu na mgongo wako, katikati, sio kule nje kwa mfuko wa mbele maana zinakuvuta nyuma na wewe unajikunja kufidia. Na usilibebe kwa kulirusha kutoka chini, weka juu ya ukuta ama ngazi kwanza, ingiza mikono, simama.

@Mzee wa Rongai hiyo ya shosho iko na ukweli kiasi, kuna utafiti ulitoka kwa jarida la Nature 1986 ukapata akina mama wa Kikuyu na Waluo wanabeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi. Lakini hiyo ni ya kamba ya paji la uso na ya kichwani, na walianza wakiwa wasichana wadogo. Na si umeona alama ile kamba huwaachia kwa paji?

Mzee wa Rongai
Hiyo alama mama yangu alikuwa nayo, ni kweli.

fundi_wa_zimma
Asanteni sana. Roli la waya nitakuwa nikiacha na keateka pale chini nikate mita zenye nahitaji tu. Nimesukuma ukuta, wife anasema kulia kumechomoka kidogo, kesho asubuhi naenda hosi kabla ya kazi. Hilo begi la Gikomba liko upande gani, kwa viatu ama kule kwa makoti?

kupanda_ngong
Ingilia kwa viatu uulize ndani. Na lijaribu likiwa na uzito, usinunue tupu.