Katuni za mpira wa vijana zinaijua dunia ya nani?

Wakuu, nimekereka na leo sitafuni maneno. Jana nimerudia filamu ya kwanza ya Captain Tsubasa, katuni ya Kijapani ya mpira, ile ya 1985, vijana wa Japani dhidi ya kombaini ya Ulaya. Nikalala na hasira.

Mbwembwe sina shida nazo. Mpira uelee hewani mpaka mpigaji amalize kumkumbuka mwalimu wake wa kwanza, poa. Uwanja uwe mrefu hadi goli la wapinzani lichomoze kwa mbali kama jahazi, poa vilevile. Hata wale mapacha wanaokanyaga nguzo ya goli ili waruke juu zaidi (refa gani anakaa kimya hapo?) nawasamehe.

Kinachoniuma ni ramani yao. Nimeangalia nyingi za aina hii, na kila timu za vijana zikienda kucheza kimataifa, mlima wa kupanda ni Ulaya au Brazil. Mwafrika, akikumbukwa, anakuja kukimbia kasi halafu afungwe. Hana jina la kukaa kichwani, hana mama anayelia jukwaani, na hakuna anayesimamisha mechi ili tuonyeshwe alikotoka.

Sasa fungueni kalenda. Filamu hiyo ilitoka Julai 1985. Mwisho wa mwezi huohuo, China ikaanza kombe la kwanza la dunia la vijana chini ya miaka 16. Agosti 11, Beijing, fainali: Nigeria 2, Ujerumani Magharibi 0. Hata miezi miwili haijapita! Kule sinema Ulaya ndiyo jitu la kutisha, huku watoto wa Kinigeria washalilaza chali.

Mtasema wachoraji si watabiri. Haya, na 1993 je? Kombe hilo, sasa la chini ya miaka 17, lilichezwa hukohuko Japani. Fainali ikapigwa Tokyo: Nigeria 2, Ghana 1. Nwankwo Kanu, nyota wa Nigeria wa baadaye, alikuwemo. Waafrika kwa Waafrika, mlangoni kwa studio zenyewe, na hakuna aliyechungulia dirishani? Nigeria wamelibeba mara tano: 1985, 1993, 2007, 2013, 2015. Ghana mara mbili, 1991 na 1995. Hao ndio wa kuwekwa kwenye filamu kama wasindikizaji?

Na asije mtu hapa na "ni katuni ya watoto tu, mkuu, punguza hasira". Ya watoto ndiyo inayonitia hasira. Mtu mzima anajua Kanu ni nani. Mtoto wa miaka minane anajua alichoonyeshwa, basi.

Mwenye filamu ambayo kipa wa Kiafrika anapewa dakika tano za kumkumbuka bibi yake huku shuti linamsubiri hewani, aiweke hapa. Nitaomba radhi na uzi naufuta mwenyewe.