Kupanga upya kazi ya mabwawa ya chumvi: maarifa ya wazee yaingie wapi?

Mtu wa Gongoni
Salaam aleikum wenzangu. Kiwanda cha chumvi huku kaskazini ya Malindi kinapanga upya njia ya kuhamisha maji bwawa kwa bwawa, kabla kaskazi haijaingia. Mchoro uko tayari. Ila wanaojua wakati wa kufungua maji ni wazee watatu, na hakuna kilichoandikwa. Tuchukue vipi wanayoyajua?

Fundi Mabwawa
Waleikum salaam. Maarifa hayo yautangulie mchoro, ndugu. Ukimuuliza mzee anafanyaje, atakwambia "natazama tu". Simama naye ukingoni na hidromita, kifaa cha kuelea kinachopima ukolevu wa maji. Kila akisema maji yamekolea, pima digrii za Baumé (vipimo vya ukolevu vilivyoandikwa kwenye hidromita), andika saa, upepo, joto la maji na alichokiona: rangi, utando, ukoko kandokando. Vipimo 30 hivi vitakuonyesha jicho lake linasoma namba gani.

Jasi, madini meupe yaliyomo kwenye maji ya bahari, huanza kuganda karibu na digrii 13, chumvi kama 25.5. Maji yakiingia mapema bwawa la kugandishia, jasi huchanganyika na chumvi. Yakichelewa, chumvi inabaki kwenye bwawa la kukolezea. Yakipita 29 au 30 bila kumwagwa, chumvi za magnesi, ambazo ni chungu na hunyonya unyevu, huishika chumvi yako: inakuwa chungu, haikauki guniani.

Bi Vipimo
Naongeza: maji moto husomeka chini ya ukweli. Yaache yapoe kivulini hadi joto lililoandikwa kwenye hidromita. Kipimo kikipingana na mzee, angalia joto kwanza.

Na andikeni *sababu*, si amri tu. Mfano ni mvua. Maji ya mvua ni mepesi, hukaa juu ya maji ya chumvi, kwa hiyo mzee huondoa ubao wa juu wa lango yamwagike yenyewe kabla upepo haujayachanganya. Mchoro ukibadilisha mbao hizo kwa bomba la chini, mtamwaga maji yaliyokolea na kubaki na ya mvua! Kosa hilo halionekani kwenye karatasi hata kidogo.

Mtu wa Gongoni
Mchoro wetu una mabomba ya chini, kweli. Na wazee wakihisi wanafunzwa ili waachishwe?

Fundi Mabwawa
Basi bakisheni lango la mbao upande mmoja wa kila bwawa. Kuhusu wazee, walipwe saa za kufundisha, na badiliko lolote la lango lisipite bila mmoja wao kulikubali. Daftari likae kibandani ukingoni, zamu zote zilifikie. Likifungiwa ofisini, wa zamu ya usiku atakisia.