Mzee wa tai nyekundu amemwagilia mche SAMPULI YA WATOTO!!!

KifunikoChaKioo (mwanzilishi wa uzi)

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule yule wa tai nyekundu, wa kila maonyesho ya sayansi na kila siku ya mazingira hapa Nairobi, anayepewa kipaza sauti saa nne asubuhi akakirudisha saa tisa watoto wakiwa wamekauka kama omena. Leo amemwagilia mche sampuli ya watoto. Narudia kwa ajili ya mliokuwa kwenye foleni ya soda: ameshika chupa ya maabara, akang'oa kifuniko, AKAMWAGILIA MCHE. Mbele ya kamera. Meno yote thelathini na mawili nje.

Wacha niwaambie kilichokuwa ndani ya ile chupa, maana pale meza kuu hakuna aliyeuliza.

Watoto wa Gredi ya 8 walikuwa wanapima oksijeni iliyoyeyuka mtoni kwa njia ya Winkler. Njia ya mwaka 1888, na mpaka leo maabara zinaitumia kuhakiki mita za bei ya gari. Chupa mbili za mililita 300: moja imejazwa juu ya mtaa, nyingine chini ya mtaa, mifereji ya majitaka ikishaingia. Chupa unailaza ndani ya maji, mdomo uelekee mkondo unakokwenda, ijae taratibu bila povu, uifunike ikiwa bado chini ya maji. Kiputo kimoja kikibaki shingoni umeharibu kazi, kwa sababu hewa ya hicho kiputo ina oksijeni nyingi mno kuliko maji ya ujazo ule ule. Ndiyo maana hawakuchota kwa ndoo na kamba kutoka darajani. Ndoo ikipigapiga maji inaingiza hewa, na mto uliokufa unasomeka kana kwamba uko hai.

Halafu hapo hapo ukingoni, mililita 1 ya salfeti ya manganizi, mililita 1 ya iodaidi yenye alkali, ncha ya pipeti (neli ya kudondoshea) ikiwa imezama. Funika, pindua juu chini mara kumi na tano hivi, acha itulie. Maji yakiwa na oksijeni, mashapo yanakuwa ya kahawia. Yakiwa hayana, mashapo yanabaki MEUPE. Meupe kama maziwa ya mala.

Wakaziweka mezani. Kahawia kushoto, nyeupe kulia. Mto mmoja, na katikati ya hizo chupa mbili kuna mtaa mzima.

Saa nane walitakiwa kutia asidi ya salfuriki mbele ya majaji. Ile ya kahawia inayeyuka na kuwa rangi ya chai ya rangi, hiyo ni iodini, inayolingana na oksijeni iliyokuwemo, na hiyo iodini ndiyo unayoihesabu kwa kudondosha thiosalfeti ya sodiamu mpaka rangi iishe. Ile nyeupe inayeyuka na kuwa maji matupu. Hakuna rangi, hakuna cha kuhesabu, samaki hana chake hapo. Mtu ambaye hajasoma kemia hata siku moja angeelewa kwa macho yake. Hiyo ndiyo dakika waliyoifanyia mazoezi muhula mzima.

Saa saba na nusu mzee akafika kwenye meza. Akatazama. Akasema: "Hii nyeupe ndiyo maji safi. Mmepanga vibaya." Binti aliyekuwa akieleza akaanza, "Hapana mheshimiwa, hiyo nyeupe ndiyo..." Akakatizwa kwa kiganja. Mzee akaichukua ile NYEUPE, akang'oa kifuniko cha kioo, hewa ikaingia, na pale shingoni mashapo yakaanza kugeuka kahawia. Kemia yenyewe ilikuwa inamjibu! Hakuona. Akageukia kamera, akasema maji ya mto lazima yarudi kwa mti, akamwagilia mche.

Ndani ya hiyo chupa kuna hidroksidi ya sodiamu, jameni. Inachubua ngozi. Watoto wote walivaa glavu na miwani. Yeye alivaa pete.

Na tukio lenyewe halikuishia hapo. Kwenye karatasi ya alama wamekatwa alama tano kwa sababu eti walikosea kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho maji yanaweza kubeba: "kitabu kinasema 9.1." Miligramu 9.1 kwa lita kwenye maji ya nyuzi 20 ni ya MOMBASA. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, maji ya joto hilo hilo yanajaa kwenye 7.4 hivi. Watoto walikuwa wamesahihisha, hesabu iko ubaoni, imepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Mtu anaweza kuishi hapa miaka yote, maji ya chai yake yanachemka nyuzi 94 kila asubuhi, na asijue anaishi mlimani!

Mshindi? Jiji la kadibodi lenye taa za rangi. Watoto wa mto wamepewa cheti cha kushiriki, mahali pa jina wazi, wakaambiwa wajaze wenyewe nyumbani.

Ameng'oa kifuniko. Amemwagilia mche. Siwezi kulala.

Tumbiri_wa_CityPark
Ni yeye. Kabla sijamaliza mstari wa kwanza nilijua ni yeye. Huyo akipewa darubini ataichungulia kwa upande wa kioo kidogo kisha aipe jina lake.

MamaMiche
Nimeiona picha. Mimi macho yameniganda kwenye mche wenyewe. KARATASI NYEUSI BADO IKO! Ameupanda na karatasi yake! Mizizi ikifika kwenye plastiki inajizungusha kama uzi kwenye kibiriti, mwaka wa pili mti unajinyonga wenyewe na watu wanasema mbuzi ndiye aliyeula. Shimo sm 60 kwenda chini na sm 60 upana, udongo wa juu upande wake, wa chini upande wake, ule wa juu ndio unarudi kwanza pamoja na mbolea iliyooza. Karatasi unaichana kwa wembe kutoka chini, bonge la udongo lisivunjike, shingo ya mche ikae sawa na ardhi. Tena huo ni mukinduri, mti mgumu, na bado ataweza kuuua.

KifunikoChaKioo
Na akaumwagilia alkali juu yake.

Bw_Hesabu
Kwa hivyo kelele zote hizi ni za mililita 300 za maji ya mfereji? Mto haujahama. Si waende wachote mengine.

KifunikoChaKioo
Wachote mengine?? Ile sampuli ilichukuliwa saa kumi na mbili asubuhi KWA MAKUSUDI. Usiku mwani haupati jua, hautengenezi oksijeni, na kila kiumbe mtoni kinaendelea kupumua, kwa hiyo kabla tu ya jua kuchomoza ndipo mto uko chini kabisa. Ukienda saa nane mchana penye mwani utapata namba nzuri ya kumfurahisha mzee. Saa kumi na mbili na saa nane ni sampuli mbili tofauti kabisa. Hiyo ya alfajiri ameimwagilia mche. AMEIMWAGILIA MCHE.

Bw_Hesabu
Umeshasema mara tano. Tumesikia, mche umeshiba.

Kerengende
Bw_Hesabu wacha madharau. Hata bila kemia wale watoto wangeshinda kwa wadudu peke yake. Wavu wa matundu ya milimita 1, dakika tano unapiga mawe kwa mguu, unamimina kwenye karai jeupe, unahesabu aina. Kila aina ina alama zake, wastani ukiwa juu mto ni safi. Kerengende wachanga wana alama 6, ruba 2, konokono 4, unagawanya jumla kwa idadi ya aina ulizopata. Chini ya mtaa unapata vile viminyoo vyekundu peke yake. Ni vyekundu kwa sababu vina hemoglobini kama sisi, vinakamata oksijeni mahali ambapo wengine wamekufa. Mtoto akikuonyesha karai limejaa wekundu, ripoti yote umeshaisoma.

Asiyeandikwa
Mnalilia cheti kisicho na jina? Semeni kuhusu watafiti wanaokuja kwa miezi mitatu. Vijana wa mtaa ndio wanaingia mtoni, wanajua ni mfereji gani unafunguliwa usiku, wanabeba ndoo, wanajaza jedwali. Makala ikitoka, mwishoni kabisa kuna mstari "tunawashukuru vijana wa eneo". Vijana gani? Hawana majina? Ukikubali kazi ya namna hiyo, kabla ya kugusa maji andikiana nao mambo matatu: jina lako litakaa wapi, nakala ya data inabaki na nani, na matokeo yatarudishwa mtaani kwa lugha gani. Wakikataa la kwanza, usiwaonyeshe hata daraja.

Tumbiri_wa_CityPark
Hapo umenena. Jina la mtu linaonekana likishatoka nje kwanza. Mwalimu Peter Tabichi alikuwa anafundisha sayansi Keriko, kule Nakuru, shule ya mashambani, na klabu ya sayansi inaenda. Nchi nzima ilimjua Machi 2019 alipopewa tuzo ya mwalimu bora duniani, Dubai.

Mutamaiyo
Na mama yetu Wangari? 1989 amesimama peke yake kukataa jengo la ghorofa 60 pale Uhuru Park, bungeni wanamtukana. 2004 akapewa Nobel, na leo barabara inaitwa kwa jina lake. Hao hao.

NauliYanguMwenyewe
Nyinyi mko kwenye vyeti, wengine tuko kwenye kazi. Angalieni matangazo ya nafasi za mazingira. Shahada, uzoefu miaka mitatu, ujue ramani za kompyuta, ujue kupiga picha kwa droni, uwe na laptopu YAKO, na mwisho kabisa: "nafasi hii ni ya kujitolea, nauli ni juu yako." Miaka mitatu ya uzoefu ili ufanye bure! Kisha kunaandaliwa warsha ya vijana na tabianchi hotelini siku mbili, na pesa ya warsha hiyo ingenunua kemikali za shule zote za eneo bunge.

MamaMiche
Na pale hotelini wanagawa miche. Na karatasi zake.

Mutamaiyo
Miche ya Julai. Ardhi imekauka kama tofali. Mvua za masika Machi mpaka Mei, za vuli Oktoba mpaka Desemba, mtu anapanda Julai kwa sababu mgeni wa heshima alikuwa na nafasi Julai.

Bw_Hesabu
Sasa hayo ya Julai nakubali.

FundiBomba
Swali nje ya mada. Hao watoto walipima pia uchafu wa maji kwa ile neli yenye duara jeusi na jeupe chini? Kuna shule inataka kutengeneza.

Kerengende
Ganda la plastiki angavu la taa ndefu ya mwanga mweupe ndilo rahisi. Kata sm 60 (ukipata la mita 1 bora zaidi), ziba chini kwa kizibo cha mpira, gundisha duara lililogawanywa robo nne nyeusi na nyeupe, bandika futi ya fundi cherehani ubavuni. Koroga sampuli, jaza, chungulia kutoka juu, punguza maji kidogo kidogo mpaka duara litokee, soma sm. Simama kivulini na uvue miwani ya jua. Makosa mawili ya kila siku: kuacha tope litulie kabla ya kusoma, na kujaza neli moja kwa moja kutoka mtoni na majani yake.

FundiBomba
Hilo ganda si litaingia mikwaruzo?

Kerengende
Litaingia. Lisafishe kwa kitambaa laini, kamwe usitumie steelwuli.

NauliYanguMwenyewe
Na hiyo thiosalfeti ya Winkler inauzwa wapi kwa kipimo kidogo? Duka moja limenilazimisha kilo nzima.

Asiyeandikwa
Kilo ya nini? Gramu 6.2 kwa lita moja inatosha, hiyo ndiyo normali 0.025 (kipimo cha ukali wake). Ukitumia mililita 200 za sampuli, kila mililita 1 inayoshuka kwenye bureti (neli ndefu yenye vipimo na bomba) ni miligramu 1 ya oksijeni kwa lita, huhitaji hata kikokotoo. Wanga utie mwishoni, rangi ikishapauka kuwa manjano hafifu, ukiwahi mapema bluu inang'ang'ania. Maji ya kuyeyushia yachemshe kwanza yapoe, na chupa iwe ya kahawia.

FundiBomba
Ya kahawia kama ya dawa ya kikohozi?

Asiyeandikwa
Hiyo hiyo. Ioshe vizuri.