Tupeane uzoefu: ziara katika misikiti na makaburi ya Moroni

MsafiriWaTanga:
Wanajamvi, juzi niliona picha ya Msikiti wa Ijumaa wa zamani wa Moroni, nikaikumbuka ziara yangu ya Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro. Msikiti ule ni wa mwaka 1427, mnara wake uliongezwa mwaka 1921, na matao yake meupe yaliyoelekea bandari ya majahazi yanang'aa zaidi kwa sababu mji wa nyuma yake umejengwa kwa mawe meusi ya volkano. Mliofika huko, tuelezeni mlivyopokewa.

BintiForodhani:
Mimi nilikwenda na mwenzangu mpenda picha. Tulipita vichochoro vya Badjanani, mtaa wa kale wa Moroni, baada ya alasiri, akina mama wameketi barazani, nyuso zimepakwa liwa iliyoanza kukauka na kupasuka mashavuni. Mwenzangu, bila hata salamu, akamwelekezea bibi mmoja kamera. Bibi akajifunika leso, vijana wakatuzibia njia, na kufumba na kufumbua kichochoro kikajaa watu wanaozungumza kwa ukali, nami Kifaransa sikijui. Moyo ulinienda mbio. Ndipo akatokea mzee aliyevaa mharuma, yaani shali ya heshima, begani, akawanyamazisha vijana kwa kuinua mkono tu, akaniuliza kwa Kiswahili safi mimi ni wa kwa nani Unguja. Nilipomtajia mtaa wetu, akasema shangazi yake aliolewa papo hapo. Picha ilifutwa mbele ya bibi, mwenzangu akaomba radhi, na tukaruhusiwa kuendelea na safari yetu.

Mkunazini:
Kweli kabisa, dada. Ngazija salamu hutangulia.

BahariaMstaafu:
Mnazungumzia picha, na hakuna aliyemtaja Sayyid Muhammad al-Maaruf, aliyefariki mwaka 1905 na kuzikwa papo hapo Moroni. Yeye ndiye aliyeieneza tarika ya Shadhiliya, njia mojawapo ya Kisufi, visiwani hadi ikafika pwani yetu, na marehemu babu yangu wa Kilwa hakumaliza dhikiri bila kumrehemu. Nilipofika kwenye kaburi lake nililia.

AbuSalim:
Mzee wangu, shikamoo. Kaburi huzuriwa ili tumwombee maiti, si ili tumwombe yeye. Naomba tuwe waangalifu.

BahariaMstaafu:
Marahaba. Nilisoma Fatiha nikamwombea, wala sikusema zaidi ya hayo. Usinitwike nisilolinena.

MsafiriWaTanga:
Wazee wangu, tafadhali turudi kwenye ziara.

Mkunazini:
Basi msiikose Iconi, kilomita chache kusini ya Moroni. Mwaka 1805, wavamizi kutoka Madagaska walipokuja kukamata watumwa, wanawake wa mji ule walijirusha kutoka jabalini kuliko kutekwa. Nilisimama chini ya jabali lile na binti yangu, nikashindwa kumsimulia hadi tuliporudi mjini. Habari hii inastahili kufundishwa katika shule zetu pia.

AbuSalim:
Ushauri wangu ni kuepuka Ijumaa, kwa kuwa msikiti huwa umejaa na wageni huwasumbua wenye kuswali.

BintiForodhani:
Mimi naona Ijumaa ndiyo siku yenyewe. Kaa uwanjani kabla ya adhana, uone wazee waliokwisha kufunga ndoa kubwa ya ada, ile harusi ya kimila inayompa mtu hadhi, wakiingia kwa heshima zao. Kinamama tuchukue mtandio mpana, na kabla ya kuvuka kizingiti tumuulize mtu wa pale kama tunaruhusiwa, kwani kila msikiti una taratibu zake.