Yule mzee wa The Constant Gardener ni nani?

mpenda_muvi: Wakuu habari zenu, jana nimerudia The Constant Gardener, ile waliyoshuti Kenya mpaka Kibera, kuna mzee anacheza daktari Lorbeer, anatokea kidogo tu mwishoni lakini bado namuwaza, sura nishaiona sehemu kibao ila jina silijui. Nani huyu?

kaa_la_moto: Pete Postlethwaite huyo mkuu, Mwingereza wa Warrington, alifariki Januari 2011 kwa kansa. Katokea jukwaani, ukumbi wa maigizo wa Everyman, Liverpool, baadaye kundi la maigizo la Royal Shakespeare Company, na 1994 akagombea Oscar kwa In the Name of the Father, anacheza baba anayefungwa jela pamoja na mwanawe na wote hawana kosa. Itafute leo leo.

dada_pwani: Kwangu mimi ni Brassed Off ya 1996, kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya wachimba makaa, mapafu yamekwisha na mgodi unafungwa, nililia jamani. Halafu 2008 akarudi palepale Everyman kucheza King Lear, igizo la Shakespeare, na Hollywood alishafika!! Namheshimu sana kwa hilo.

mpenda_muvi: Asanteni sana, naanza na hiyo ya baba.